Sisimizi Jikoni, Sumu Kabatini

Somo la familia kabla ya safari ya nyumbani

Maandiko ya kusoma pamoja: Mithali 6:6–8, Mithali 30:24–28, Kumbukumbu la Torati 22:8



Desemba inakaribia na familia nyingi za kanisa letu zimeshakata tiketi. Wengine wanakwenda Mwanza na Mombasa, wengine Bujumbura, wengine Bukavu. Watoto waliozaliwa hapa Marekani watalala kwa bibi na babu kwa mara ya kwanza. Huko watakutana na mvua za vuli, na mvua zikianza kila mdudu hutafuta pakavu pa kukaa. Sisimizi watapanda mezani, mende watatoka usiku, kumbikumbi watajaa kwenye taa.

Akina mama kadhaa wametuomba sisi wa huduma ya afya tuwafundishe namna ya kupambana na wadudu hawa. Tunafanya hivyo kwa furaha. Lakini tuseme jambo moja mapema, kwa sababu ndilo lililotufanya tuandike somo refu kuliko kawaida: mara nyingi sisimizi si hatari kwa mtoto kama ilivyo dawa iliyonunuliwa ili kumuua sisimizi. Mdudu anamuudhi mtoto, lakini sumu iliyo kwenye chupa ya soda chini ya kitanda inaweza kumuua.

Neno linatufundisha nini

Katika Mithali sura ya 6, mvivu anaelekezwa kwa mdudu akajifunze kwake. Biblia yetu ya Kiswahili inamwita chungu, jina la zamani la sisimizi, na watoto wengi hapa hawalijui. Wazazi, waelezeni. Mdudu huyu hana msimamizi wala mkubwa wa kumsukuma, lakini wakati wa mavuno anaweka akiba yake. Sura ya 30 inamtaja tena miongoni mwa viumbe vinne vidogo vyenye akili, na wa mwisho kati ya hao wanne ni mjusi, anayeingia hata katika nyumba za wafalme. Kwa hiyo mtoto akipiga kelele kwa sababu ya mjusi wa ukutani kwa bibi, mwambieni kwamba mjusi huyo yumo katika Maandiko, na kwamba usiku kucha anakula mbu na wadudu wengine. Tumwache aendelee na kazi yake.

Andiko la tatu ndilo mzizi wa somo hili. Katika Kumbukumbu la Torati 22:8, mtu anayejenga nyumba mpya anaagizwa azungushe ukuta juu ya dari, ili mtu asianguke na nyumba ikabeba hatia ya damu. Nyumba za Israeli zilikuwa na paa tambarare. Watu walikaa juu, walianika vitu, walilala wakati wa joto. Mungu hakungoja mtu aanguke. Alimtaka mwenye nyumba aione hatari mapema na aizibe.

Nyumba za wazazi wetu zina paa la bati na hakuna anayekaa juu. Lakini kila nyumba ina mahali pake pa kuanguka. Tutaangalia kwanza wadudu wenyewe, kisha tutajenga ukuta huo.

Sisimizi: mnyime chakula, maji na njia

Sisimizi unayemwona mezani ametumwa. Akipata sukari, anarudi kwao akiacha harufu njiani, na wenzake wanaifuata. Ndiyo maana wanatembea kwa mstari. Ukipuliza dawa juu ya mstari ule, unaua vibarua tu. Malkia yuko ndani ya ukuta au chini ya sakafu, na anaendelea kutaga. Aina fulani ya sisimizi wadogo wa rangi ya manjano, wanaosumbua hata hospitalini kwa kuingia chini ya bandeji za wagonjwa, wakipulizwa dawa hugawanyika na kuanzisha makao mapya. Ulikuwa na kundi moja, sasa unayo matatu.

Njia inayofaa ni hii:

1. Futa mstari wao kwa kitambaa chenye maji na sabuni. Unaondoa wadudu na harufu kwa pamoja.

2. Fuata mstari hadi unapoingilia, kisha ziba ufa kwa saruji, au hata kwa sabuni ya mche kwa muda.

3. Weka sukari, asali, mkate na maziwa ya unga ya mtoto kwenye mikebe yenye vifuniko vinavyobana. Mabaki ya chakula cha jioni yasilale mezani.

4. Miguu ya kabati la chakula iwekwe ndani ya vikopo vyenye maji na tone la sabuni, kama mama zetu walivyofanya. Badilisha maji hayo angalau mara moja kwa wiki. Vikopo vilivyosahauliwa ni mazalia mazuri ya mbu wa dengi, yule anayeuma mchana.

5. Wakiendelea, tumia chambo badala ya kupuliza. Nusu kijiko cha chai cha asidi ya boriki, vijiko vinane vya chai vya sukari, kikombe kimoja cha maji ya vuguvugu. Lowesha pamba, iweke kwenye kopo lenye kifuniko kilichotobolewa matundu madogo, pale ambapo mtoto hafiki. Ni dhaifu kwa makusudi: sisimizi anaibeba hai hadi kwa malkia. Itachukua siku kadhaa. Asidi ya boriki nayo ni sumu ikiliwa, kwa hiyo andika jina lake juu ya kopo na uifungie.

Wengine mnaoweza kukutana nao

Siafu. Hawa husafiri kwa misafara mikubwa, hasa kipindi cha mvua, na hula karibu kila kiumbe wanachokishinda. Wazee wetu hawakupigana nao. Walitoka nje, wakawaacha wapite, na waliporudi walikuta nyumba haina mende wala vitoto vya panya. Hekima hiyo bado ni nzuri, ila kumbukeni wasioweza kutoka wenyewe: mtoto mchanga, mgonjwa aliyelala, kuku waliofungiwa bandani, mbuzi aliye kwenye kamba. Hao watolewe kwanza. Aliyeumwa aoshwe kwa sabuni na maji. Akivimba uso au akipumua kwa shida, apelekwe hospitali mara moja.

Mchwa na kumbikumbi. Mchwa si sisimizi, ni ndugu wa mende. Ukiona njia nyembamba za udongo ukutani au kwenye fremu ya mlango, wako ndani ya mbao. Kwangua njia hizo, ondoa kuni na maboksi yaliyoegemea ukuta, na kazi ya dawa mwachie fundi anayeijua. Kumbikumbi ni mchwa wenye mbawa, na wengi wetu tumewamiss kweli. Kuleni, lakini ulizeni kwanza kama kichuguu walikotoka kimewahi kuwekwa dawa. Mtoto mwenye mzio wa kamba au kaa asipewe, maana mwili wake unaweza kuwakataa kumbikumbi vilevile.

Nairobi fly. Ni mdudu mwembamba mwenye rangi nyekundu na nyeusi, anayevutwa na taa msimu wa mvua. Haumi wala hachomi. Sumu iko ndani ya mwili wake, na hutoka anapopondwa juu ya ngozi. Siku moja au mbili baadaye ngozi inawaka kama iliyoungua moto. Akikutua, usimpige kofi. Mpulize aondoke au mwondoe kwa karatasi, kisha osha mahali hapo kwa sabuni. Usijiguse macho kabla ya kunawa mikono.

Mende. Huchukua vijidudu vya chooni hadi kwenye sahani, na vumbi la miili yao huamsha pumu. Familia yenye mtoto wa pumu ibebe dawa zake za kuvuta kwenye mkoba wa mkononi, zisiwekwe kwenye sanduku kubwa. Mende anahitaji maji kuliko chakula: kausha sinki usiku, ziba bomba linalovuja, funika ndoo. Maboksi ya dukani yasihifadhiwe jikoni.

Panya. Tumieni mtego na paka kabla ya sumu. Sumu ya panya huchanganywa na unga, mkate au dagaa ili panya avutwe, na mtoto anayetambaa naye huvutwa. Kinyesi cha panya kisifagiliwe kikavu. Kilowesheni kwanza kwa maji yenye klorini. Kwa wanaokwenda maeneo yaliyowahi kuwa na tauni, kama Lushoto mkoani Tanga au Ituri nchini Kongo: mkiona panya wengi wamekufa wenyewe, msiwaguse. Toeni taarifa kituo cha afya.

Ghala la mahindi: tafadhali someni sehemu hii mara mbili

Sisimizi wa Mithali anasifiwa kwa kuweka akiba. Wazazi wetu wengi nao huweka gunia la mahindi au maharage, mara nyingi ndani ya chumba wanacholala, kwa kuogopa wezi. Ili dumuzi na fukusi wasiyamalize, gunia huwekewa dawa.

Dawa nyingine ni za unga. Nyingine ni vidonge vya kijivu vya alumini fosfaidi. Vidonge hivi vikikutana na unyevu, hata ule wa hewani, hutoa gesi iitwayo fosfini. Gesi hiyo inaua wadudu, na inaua watu vilevile. Inaweza kunuka kama vitunguu saumu au samaki aliyeoza, lakini msitegemee harufu. Familia iliyolala na gunia lililowekewa vidonge huamka na kichefuchefu, kutapika, kizunguzungu na kifua kubana. Nyumbani watasema ni malaria, au chakula kibaya cha sherehe. Fosfini haina dawa ya kuiondoa mwilini. Hospitali inaweza tu kumsaidia mgonjwa apumue na moyo wake usisimame, kwa hiyo kila saa ina maana.

Basi mkifika, kabla ya kutandika kitanda, ulizeni kwa upole: mahindi yako wapi, na yamewekwa dawa gani? Nafaka iliyowekewa vidonge isikae kabisa ndani ya nyumba wanamolala watu, hata kama mlango wa chumba umefungwa. Kama haiwezi kuhamishwa usiku ule, hamieni ninyi.

Ipo njia bora, na gharama yake mnaweza kuimudu. Ni mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, inayojulikana kwa jina la PICS, iliyoanzia katika utafiti uliofanywa Cameroon na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Purdue, Indiana, pamoja na wenzao wa huko. Mahindi hukaushwa vizuri, hujazwa, na kila tabaka hufungwa peke yake. Wadudu walio ndani hutumia hewa yote na kufa. Hakuna sumu. Sasa inauzwa katika nchi nyingi za Afrika Mashariki. Badala ya kuwanunulia wazazi dawa kali zaidi, wanunulieni mifuko hii. Hiyo ni akiba ya chungu kweli, isiyohitaji kumwogopesha anayelala karibu nayo.

Ukuta wa kuzunguka dari: sheria sita za sumu nyumbani

Kwanza, sumu isihamishwe kutoka kwenye chombo chake. Mafuta ya taa, dawa ya kunguni, dawa ya shamba: hakuna kinachowekwa kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto anayekuja kutoka Marekani amezoea kufungua friji na kunywa chochote kilicho kwenye chupa.

Pili, usinunue dawa isiyo na maandishi. Inayopimwa sokoni kwa kijiko au kumiminwa kutoka dumu kubwa huenda ni dawa ya shamba la pamba, na haikukusudiwa chumba cha kulala.

Tatu, sumu ikae juu na ifungwe kwa kufuli. Chini ya kitanda si juu, na nyuma ya mlango si kufuli.

Nne, dawa haipakwi kwenye mwili, nywele, godoro wala nguo za mtoto kwa ajili ya chawa au kunguni, isipokuwa imetengenezwa kwa kazi hiyo.

Tano, dawa ikipulizwa, watu wote watoke, vyakula vifunikwe, na madirisha yafunguliwe kabla ya kurudi ndani.

Sita, chaki ya mende ipigwe marufuku nyumbani. Inafanana kabisa na chaki ya ubaoni, na mtoto ataichorea au kuila. Hapa Marekani kuiuza ni kosa kisheria.

Ikitokea bahati mbaya

Dawa nyingi kali za wadudu hushambulia mishipa ya fahamu. Dalili zake: mate na machozi mengi, jasho, mboni za macho kuwa ndogo sana, kutapika, kuharisha, misuli kuchezacheza, kupumua kwa shida, degedege. Ukiona dalili hizi kwa mtu aliyekuwa karibu na dawa, usingoje.

Mtoe kwenye hewa safi. Mvue nguo zilizolowa na umwoshe ngozi na nywele kwa maji mengi na sabuni. Wewe mwenyewe vaa glovu, au hata mifuko ya plastiki mikononi. Dawa ikiingia jichoni, mwagia maji safi kwa dakika 15 hadi 20. Akiwa amemeza, usimtapishe. Akitapika mafuta ya taa, yanaweza kuingia kwenye mapafu, na hapo ndipo penye hatari kubwa zaidi. Usimpe maziwa, mayai mabichi wala mafuta ya kula, hata jirani akisisitiza. Akiwa hana fahamu, mlaze ubavu. Beba chupa au pakiti ya dawa mwende nayo hospitali, maana daktari ataanza kwa kuisoma.

Hapa Marekani, mtu akizimia au kushindwa kupumua, piga 911. Akiwa anaongea vizuri lakini ameshika au amemeza kitu, piga 1-800-222-1222. Ni bure, saa 24, na unaweza kuomba mkalimani. Hawaulizi habari za makaratasi yako. Kule nyumbani, ulizeni siku ya kwanza: hospitali gani ya karibu inapokea wagonjwa usiku, na ni jirani yupi mwenye gari?

Kuzungumza na wazazi

Hapa ndipo wengi wetu hukwama. Mtoto aliyekaa ng'ambo miaka kumi hawezi kuingia kwa mama yake na kuanza kukagua chini ya vitanda. Ataambiwa amejaa dharau za Kizungu, na pengine ni kweli. Tunapendekeza muanze kwa simu, kabla ya safari, na mseme mnachohitaji ninyi badala ya wanachokosea wao.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mnakuja lini?"

"Tarehe ishirini, Mungu akipenda. Mama, nina ombi. Huyu mjukuu wako mdogo anatia kila kitu mdomoni. Naomba ile dawa ya panya na mafuta ya taa tuyatafutie mahali juu kabla hatujafika. Nitatuma hela ya kufuli."

"Na mahindi?"

"Mahindi nayo, mama. Nitanunua mifuko mizuri, tuyahamishe pamoja na baba nikifika. Mpaka hapo sisi tutalala kwa shangazi."

Mama aliyeombwa kumlinda mjukuu hatakataa. Yeye mwenyewe atasimamia kazi.

Mnaporudi

Msibebe dawa za wadudu kwenye masanduku. Sumu hairuhusiwi kwenye mizigo ya abiria, na dawa iliyokatazwa hapa haiwi salama kwa sababu imetoka nyumbani. Mkihitaji dawa hapa, tafuteni yenye maneno "EPA Reg. No." kwenye lebo, na msinunue ile inayouzwa kwa mkono bila lebo, hata kama muuzaji ni mtu wa kwetu.

Mizigo ifunguliwe bafuni au barazani, nje ya chumba cha kulala. Nguo zote, hata ambazo hazikuvaliwa, ziingie kwenye mashine ya kukausha kwa moto mkali dakika 30 ili kunguni na mayai yao wafe. Mfuko mmoja wa mende wa mayai unaweza kubeba mayai 30 hivi au zaidi, na kwenye apatimenti zilizoshikana, mgeni wako ni mgeni wa jengo zima. Mkiona kunguni, mwambieni mwenye jengo mapema. Wala msione aibu. Kunguni hachagui mchafu wala msafi, anachotafuta ni damu tu.

Maswali ya kujadili mezani

1. Watoto: sisimizi wa Mithali hana bosi. Ni kazi gani ya nyumbani unayoweza kuifanya bila kuambiwa, ili wadudu wasipate chakula?

2. Wazazi: katika nyumba yetu hapa, sumu iko wapi sasa hivi? Twendeni tukaione pamoja, jikoni, bafuni na kwenye gari.

3. Wote: katika nyumba tunayokwenda, mahali pa kuanguka ni wapi? Nani atapiga simu, na lini?

Sala

Ee Bwana, mlinzi wa nyumba zetu, tunakushukuru kwa baba na mama waliotulea kwa jasho na kutuwekea akiba. Wasafiri wetu wafike salama. Utupe macho ya kuiona hatari kabla haijafika, na ulimi wa upole wa kuisema. Watoto wetu walale kwa amani katika nyumba za babu na bibi zao, na waamke wakikusifu. Katika jina la Yesu. Amina.